Mdomo Mweupe Siku ya Kumfuturisha Mama Mkwe

Jamani, hii habari nilishaapa nitazikwa nayo, ila shangazi yangu ameshaisimulia kwenye kila shughuli hapa Makole, na kila akiisimulia anaitia chumvi (juzi nimesikia eti nilizimia, sikuzimia mimi), kwa hiyo bora niitoe mwenyewe ilivyo, mnicheke, mkimaliza tuendelee na maisha.

Mimi ni Mwanaidi, kwetu Kondoa, naishi hapa Dodoma mjini kwa shangazi Mwajuma na kazi yangu ni kutoa fotokopi. Wakati huo nilikuwa na mchumba, Swalehe, fundi umeme kule Ihumwa, kijana mtaratibu asiye na neno na mtu, shida ilikuwa mama yake. Mama Swalehe alikuwa ameshamkatalia mwanawe msichana mmoja kwa sababu anajichubua, na mwingine kwa sababu alimkuta anakula chipsi mchana kweupe mwezi wa Ramadhani, na alikuwa amesema wazi kwamba mkorogo na ukobe (kobe, ndivyo tunavyowaita wanaokula mchana kwa kujificha) haviingii nyumbani kwake. Sasa katikati ya mfungo akapiga simu, Ijumaa anashuka Dodoma kutoka Kondoa, atafuturu kwetu, anitazame. Akiridhika posa inaletwa baada ya Idi. Asiporidhika, nadhani mmeelewa.

Usingizi ukaniruka. Ijumaa yenyewe shangazi akapanga futari, mimi nikajipanga uso, nikajipiga picha kwa simu pale dirishani penye mwanga, nikaikuza, nikaikuza tena, na hapo ndipo nilipoyaona. Masharubu! Vinyweleo tu, lakini kwenye ile picha nilijiona nafanana na marehemu babu. Nikaanza kuwaza Mama Swalehe anaongea na mimi huku macho yake yako juu ya mdomo wangu, basi nikavaa ndala mpaka saluni kwa rafiki yangu Neema, Mgogo mmoja mwenye maneno makali na roho nzuri, nikamwambia nataka kitu cha kuyapausha yasionekane.

"Nina peroksaidi, lakini hii ni kali, ya nywele za kichwani, siyo ya ngozi," akasema. "Hata mimi naishika kwa glavu. Njoo jioni nitakuwa nimepata ile laini, nikufanyie mwenyewe."

"Jioni mkwe atakuwa ameshakaa kwenye mkeka, Neema! Nigee kidogo tu, nitaizimua na maji."

Wateja walikuwa wanamngoja, akachoka kubishana, akanimiminia kidogo kwenye kichupa cha maji ya kunywa kilichotolewa karatasi yake, akaniambia niandike juu dawa, nisiiache ovyo, na ikinigusa nioshe kwa maji mengi. Nikaitikia ndiyo ndiyo ndiyo. (Mtu akiitikia ndiyo mara tatu ujue hajasikia kitu.)

Nyumbani sikuzimua chochote. Nilijiambia nikiitia maji itapoteza nguvu na mkwe yuko njiani, nikachovya pamba kwa vidole vyangu hivi hivi, nikapaka. Ikaanza kunichonyota, nikasema ewaa, inafanya kazi. Palipokuwa na kijichunusi pakatoa povu, nikasema uchafu huo unatoka. Nikaenda kumenya magimbi dawa ikiwa mdomoni, na nilipokuja kunawa mdomo wa juu ulikuwa unawaka moto, nikakimbilia kioo.

Masharubu hayakuondoka, wenzangu. Yalikuwa yamegeuka rangi ya dhahabu, kama ndevu za mahindi, na ngozi chini yake imekuwa nyeupe pe, kuanzia pembe hii ya mdomo mpaka pembe ile, na ncha za vidole nazo nyeupe. Nikasugua kwa taulo, ikazidi kuuma na weupe upo palepale. Nikapaka mafuta, ukang'aa. Alasiri ikaadhiniwa, nikaona nimshitakie Mungu, nikaswali na dua ndefu, natoa salamu kulia, natoa salamu kushoto, na kushoto nikakutana uso kwa uso na Mama Swalehe amesimama mlangoni na mkoba wake.

"Shikamoo mama!" Nikavuta mtandio mpaka puani.

"Marahaba mwanangu. Una mafua?"

"Kidogo, mama." (Nimefunga na nadanganya, niko juu ya mswala.)

Swalehe, aliyemleta mama yake, akabaki barazani na wanaume wenzake, sisi wanawake tukawa ndani. Nilipika nimejifunika kama natoka kwenye vumbi la shamba, lakini nani amewahi kupuliza moto wa mkaa na mtandio puani? Nikaushusha kidogo tu, nikainama kupuliza, nikainua kichwa, na yule mama alikuwa ananitazama.

"Mwanangu," akasema polepole, "futa mdomo."

Nikafuta. Akatazama tena. "Bado maziwa yapo."

Hapo nikaelewa ninaonekanaje: mwanamke ametoka kugugumia bakuli la maziwa mchana wa Ramadhani, halafu akasingizia mafua! Nikataka kusema ni dawa, nikajizuia, maana nikisema ni dawa ya kupausha nitakuwa nimetoka kwenye ukobe nimeingia kwenye mkorogo, na yote mawili yameshafukuza wenzangu. Shangazi akajitosa kuniokoa. Alisogea karibu na mgeni akamnong'oneza kwamba nisamehewe, niko kwenye siku zangu, sifungi.

"Aaah," Mama Swalehe akasema. Kisha akauliza, "Na pale mswalani nilipomkuta, alikuwa anafanya nini?"

Shangazi akaona magimbi yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Mimi nikaona ndoa yangu inaondoka na basi la Kondoa, machozi yakaanza kunilenga, nampenda yule kijana jamani, nampenda kweli, na namkosa kwa ajili ya vinyweleo.

Jua likazama, tukakaa mkekani, tende, uji, magimbi, kunde za nazi. Adhana ikalia. Mama Swalehe akachukua tende, akasoma dua yake, akavuta chupa ya maji iliyokuwa mbele yake akajimiminia kwenye glasi, nami nikawa naitazama ile chupa hivi hivi tu, chupa ndogo haina karatasi, nikajiuliza mbona naijua. Mungu wangu! Nilikuwa nimeiacha dirishani jikoni, shangazi akaona maji, akamtengea mgeni.

Glasi ilikuwa imeshafika kidevuni. Sikukumbuka mafua wala mtandio, niliruka mkeka mzima, nikapiga bakuli la uji teke, nikampiga mama mkwe mkono wa nguvu, glasi ikaruka ukutani. "Usinywe! Dawa! Ni dawa hiyo!" Ilikuwa imemmwagikia vidoleni, nikamburuza mpaka bombani (mama mzima, mgeni, kiatu kimoja kimebaki ndani), nikamfungulia maji mengi, nikamwambia asisugue, aache maji yapite tu.

Alipotulia akainua mkono wake kwenye taa. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe. Akatazama vidole vyake, akatazama mdomo wangu, akarudia tena vidole.

"Kumbe hukunywa maziwa."

"Wallahi nimefunga, mama."

"Sasa unajichubua?"

"Hapana mama. Masharubu."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Swalehe hakucheka. Aliniambia, "Ungenyamaza na siri yako ningeungua koo. Umekubali kuaibika kwa ajili yangu." Kisha akasema, "Haya, leteni maji ya kweli, nife na kiu?"

Posa ikaletwa baada ya Idi. Weupe wa vidole vyake uliisha usiku uleule, mimi niliyeiacha dawa ikae niliungua, mdomo ukabanduka ngozi wiki nzima, nikawa natoa fotokopi na barakoa, na Neema alinisema mpaka nikalia. Nimeapa: dawa ya nywele haigusi tena ngozi yangu, na kitu kisicho cha kunywa hakikai kwenye chupa ya kunywea ndani ya nyumba ninayoishi mimi.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni simu ya Swalehe kesho yake. Alianza kwa kukohoa kohoa, mtu anayetafuta namna ya kuuliza.

"Mwana, samahani, mama tangu jana ananiambia habari ya masharubu. Masharubu gani?"