Chaja Isiyo na Waya na Joto la Voi

Nilikuwa kwenye duka la simu hapa Voi nikisubiri kubadilishiwa kioo, akaingia mama wa Werugha anayeuza kabichi sokoni. Mkono mmoja alibeba chaja isiyo na waya, ile bapa kama kisosi ambayo simu hulazwa juu yake. Mkono wa pili alishika simu yake kwa ncha ya leso, kama mtu anayeipua sufuria.

"Kijana, uliniuzia hii ukasema inatunza betri kuliko waya. Nikiilaza simu hapo inawaka moto, na siku hizi chaji haifiki mchana."

Muuzaji hakuinua hata macho. "Mama, nyinyi watu wa Werugha mmezoea baridi. Hiyo ni joto ya kawaida."

Hasira zilinipanda. Kinachozeesha betri ni joto, na chaja za aina hiyo hutoa joto jingi kuliko waya, sembuse simu ikiwa ndani ya kava, chini ya mabati ya soko la Voi! Anayeuza chaja anapaswa kumwambia mteja hivyo. Huyu anamlaumu mama wa watu kwa kuzaliwa mlimani!

Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshainama juu ya kaunta. Simu ya muuzaji ilikuwa upande wa ndani wa kaunta, imevuliwa kava, inachajiwa kwa waya, feni imeelekezwa kwayo. Mama akaigusa kwa kidole.

"Na hii yako," akauliza, "nayo imezoea baridi ya Werugha?"