Ipumue Kidogo

Niliisikia kabla sijaona kitu: moteri ya mashua ikikohoa nyuma ya matete, ikanguruma, ikafifia, ikanyamaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka garini pale Nchelenge, kando ya ziwa, begi bado begani. Sauti ya kijana ikaitukana kwa Kibemba, kamba ikavutwa, ikakohoa tena. Nikacheka peke yangu, rafiki yangu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Siku zile za utoto tulikaa Chisenga, kisiwa cha kambi za wavuvi, katika nyumba ya matete ya babu na bibi. Walikuwa wametoka ng'ambo, Kongo, na Kiswahili chao kilivuka ziwa bila kulowa. Kazi yangu ilikuwa kugeuza chisense, vile visamaki vyembamba kama sindano, juani juu ya mchanga, na kufukuza kuku. Harufu yake iliingia kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye bukari, ugali wetu. Mpaka leo nikiinusa sokoni, njaa inaniuma.

Kazi ya bibi ilikuwa kufunika. Sufuria, ndoo, kopo la chumvi: hakuna kilichobaki wazi mbele ya macho yake. Na mlango! Mtoto akitoka bila kuufunga, sauti ilimfuata hadi uwanjani: "Uko na mukia inabakia ndani?"

Asubuhi moja mama mdogo, kitinda mimba wao, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mkunga wa kambi alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Ilikuwa lazima hospitali, na hospitali iko Nchelenge. Babu akasukuma mashua majini. Bibi akaketi chini, kichwa cha binti yake mapajani, ubavuni pa tanki la petroli. Mimi nikapewa kopo la kuchota maji yaliyopenya kwenye mbao.

Kisiwa kilikuwa bado kikubwa nyuma yetu moteri ilipolegea, ikafa.

Babu akabinya kile kibofu cha mpira kinachosukuma petroli, akavuta kamba. Ikawaka, tukashangilia. Ikafa tena. Akaiinua aone kama wavu umejisokota kwenye pangaboi: hakuna wavu. Akafungua buji inayotoa cheche, akaipangusa kwa shati, akaipuliza: kavu, safi. Upepo ulikuwa unaturudisha tulikotoka, na mama mdogo alishaanza kuuma kitenge chake.

"Weye mwanaume," bibi akasema, "uko naitengeneza ao uko naibembeleza?"

"Mama, nyamaza kidogo. Moteri hii iko na kiburi kama ndugu zako."

"Ndugu zangu banafikaka kule banaenda!"

Babu akainamia tanki. Jasho lilimdondoka puani. "Pengine maji iliingia mu mafuta," akajisemea, akafungua kifuniko cha tanki ili achungulie.

Tanki likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezama akaibuka, na mbavu zake za plastiki zilizokuwa zimebonyea zikarudi nje. Babu akakigeuza kile kifuniko mkononi. Juu yake kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Hewa isipoingia tankini, mafuta nayo hayatoki. Skrubu ilikuwa imekazwa hadi mwisho.

"Nani alifunga hii?"

Maji yaligonga mbao. Bibi alikuwa anatazama mbali, kuelekea Kongo.

"Ni miye," akasema. "Ilikuwa nanuka. Mutoto yangu alikuwa nataka kutapika."

Nilingoja ngurumo. Babu alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. "Mama, hata moteri inapumuaka."

"Basi ipumue! Twende!" Babu akailegeza skrubu, akavuta kamba, moteri ikanguruma.

"Musinichekeshe," mama mdogo akalia, machozi na kicheko pamoja, "mutoto atatokea humu!"

Hakutokea humo. Alitokea hospitali, jua likiwa utosini: msichana, mwenye sauti ya kuishinda moteri.

Tangu siku ile bibi aliacha upenyo. Kila mfuniko aliusogeza upana wa kidole. Walipohamia Nchelenge, mlango nao ukaingia katika sheria hiyo: mgeni akitoka, bibi aliurudisha tu, bila kuufunga. "Ipumue kidogo," alisema. Ukiwa barabarani bado ulisikia vijiko vyake, redio yake, kikohozi cha babu. Ulikuwa umeaga, lakini hujaondoka.

Sasa wote wawili wamelala chini ya mchanga wa makaburini, na moteri sijui iliishia wapi. Nyumbani kwao anakaa binamu yangu, yule yule msichana wa hospitali, pamoja na watoto wake. Ameweka mlango wa chuma, mzuri, wa rangi ya samawati. Alinipikia bukari na chisense, akanifunikia kwa sahani. Nilimsimulia habari ya skrubu. Alikuwa anaijua nusu tu. Akacheka kicheko cha mama yake, kile cha machozi.

Nilipotoka, lori lilikuwa linapita na vumbi lake.

"Uende muzuri, yaya," akaniaga, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. "Nafunga, vumbi itaingia."

Nikavuka uwanja, nikapunguza mwendo, nikisikiliza vijiko. Nyuma yangu chuma kikakutana na chuma, komeo likaingia mahali pake, na ndani kukawa kimya.