Ukimsifu Mtoto, Mguse

Nilipokuwa mtoto Malindi, mama yangu alikuwa akimfulia nguo mwanamke mmoja mzee, Mtaliano, tuliyemwita Sinyora, na mimi namfuata huko, nakaa barazani natafuna mkate wake mgumu. Wataliano walikuwa wengi kwetu, hata muuza madafu alijua kuwasalimu kwa lugha yao, lakini Sinyora alikuwa Mtaliano wa namna yake. Hakuzaliwa Italia. Babu zake walipanda meli wakahamia Buenos Aires, Argentina, na yeye alikulia mtaa wa bandarini, Wataliano watupu, ambako nyumba zilikuwa za mabati na watu walizipaka rangi zilizobaki kwenye kupaka meli, ukuta buluu, mlango njano. Akaolewa, akaletwa Malindi, mume akafa, akabaki.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akisema, "Si wa Italia, si wa huko, si wa hapa. Kuku mgeni huyo, hakosi kamba mguuni." Nilikuwa nacheka. Leo niko Dubai, Al Nahda, chumba tumegawana na watu wengine kwa pazia, na sicheki.

Siku moja Sinyora alikuja kumtazama mdogo wangu Athumani, mchanga bado, mnene.

"Ah, mzuri! Mashavu kama mkate!"

Bibi akaganda. Kwetu mtoto hasifiwi hivihivi, usiposema Mashaallah umemtia jicho. Na Sinyora huyo ananyoosha mkono amshike shavu. Bibi akamnyakua mtoto.

"Wee! Mkono wako!"

"Lazima mimi niguse. Mimi nimesifu, lazima niguse!" Kwao ndiyo kinga, aliyemsifu mtoto amguse, asipomgusa jicho linabaki.

"Sema Mashaallah kwanza."

"Niguse kwanza!"

Hakuna aliyekubali. Sinyora akaondoka na mwavuli wake, anagomba peke yake njia nzima. Kabla ya magharibi Athumani alikuwa anawaka moto.

Asubuhi mama akaenda kuomba ruhusa ya kazi, akarudi na Sinyora, sahani mkononi, chupa ya mafuta ya zeituni kwapani.

"Amekuja kumalizia," bibi akasema.

"Mama, mwache. Nimechoka." Sijawahi kumsikia mama akimjibu bibi hivyo, siku ile tu, na sasa nimeujua uchovu ule, unamtoa mtu hata adabu.

Sinyora akatia maji sahanini, akadondosha mafuta kwa kidole, ananong'ona maneno aliyofundishwa na bibi yake mkesha wa Krismasi, maana siku nyingine hayafundishwi. Matone yalitakiwa yakae mviringo. Yakatawanyika. Akapiga miayo, nayo kwao ni dalili, mpaka machozi yakamtoka.

"Jicho," akasema. "La kwangu. Niliwaambia niguse."

Nadhani bibi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa hilo.

"Haya, mguse. Lakini na Mashaallah yake."

Sinyora akaweka kiganja kwenye kichwa cha mtoto, akasema Mashaallah, vibaya, bibi akamrudisha aseme mara ya pili.

"Basi," bibi akasema, akijifunga mtandio. "Gari lako liko wapi? Huyu ni wa hospitali."

"Liko nje, linangoja wewe, mkaidi!"

Ilikuwa malaria. Akalazwa, akapona, na wale wawili mpaka wanakufa kila mmoja alidai ni yeye aliyemponya. Daktari hakuna aliyemtaja.

Jana kwenye lifti mama mmoja wa ghorofa ya juu, sijui wa wapi, hatuna lugha moja, alimwona binti yangu Rukia akacheka, akamsemesha, akanyoosha mkono. Nikamvuta mtoto. Sikufikiri, mkono wa bibi ndio uliovuta. Jioni homa, hanyonyi, mume wangu yuko zamu, na mimi natia maji sahanini nadondosha mafuta ya kupikia, ya alizeti, ndiyo yaliyokuwepo, yakatawanyika au hayakutawanyika sijui, na maneno siyajui, aliyeyajua kafa nayo. Nikampigia mume wangu, nikamweleza.

"Khalas, acha sahani," akasema. "Mpeleke kliniki, naomba ruhusa nakuja."

Lifti ikafunguka, yule mama yumo. Akamwona Rukia. Akaificha mikono nyuma yake.

Hilo lilinimaliza. Kumbe ile namna nilivyomvuta mtoto alikuwa ameichukua akaenda nayo kwake, akakaa nayo. Nikamsogezea mtoto. Nikasema Mashaallah kwa sauti, kwa niaba yake, naye akaweka kiganja kwenye paji, akashtuka, akabonyeza kitufe tena na tena kana kwamba lifti itakimbia. Chini alitangulia barabarani na kandambili za ndani, akasimamisha teksi.

Daktari amesema ni sikio. Rukia amelala sasa, amenyonya, mimi sijalala. Sijui kama naamini jicho. Ninachojua ni kwamba siku ile kwetu kila mmoja alikuwa na kinga yake mkononi, na kila mmoja aliiona ya mwenzake ndiyo hatari, na kati yao alikuwepo mtoto anaungua.

Mlango wa yule mama siujui. Nikimkuta tena kwenye lifti, nitamsogezea mtoto kabla hajaficha mikono.