Memsahib Anaamini Ninasoma Nota

Kwanza asante, Mhariri, kwa kukubali kulificha jina langu, maana likitoka hapa nimekwisha. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, karani katika kiwanda kimoja hapa Thika, bado sijaoa. Jumapili napiga kinanda kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, na bila kujigamba, hakuna anayenishinda kutoka hapa mpaka Ruiru. Wanaonijua watacheka wakisoma hivyo. Wacheke.

Shida yangu ni kwamba sijui kusoma nota. Nasoma do-re-mi ambayo Mwalimu wa kwaya alituandikia ubaoni, kama sisi sote tuliopitia shule za misheni. Lakini zile nota za Wazungu, vile vidoa vyeusi vyenye mikia kama viluwiluwi, vimepangwa juu ya mistari mitano, sijui hata kimoja. Na kuna memsahib mmoja, mke wa Mzungu mwenye shamba la kahawa huko Ruiru, anayeamini kwamba nazisoma kama gazeti.

Uongo wenyewe ulianza hivi. Mwaka juzi alikuja kanisani kwetu siku ya mavuno, akanisikia, akaniambia niwe nakwenda kwake kila Jumamosi mchana kujifunza piano. Siku ya kwanza akaweka karatasi mbele yangu akauliza, "Unasoma nota?" Nikasema, "Ndiyo, memsahib." Niliogopa ataifunga ile piano. Ngai, Mungu wangu, ile sauti! Bahati yangu, ana desturi ya kuupiga wimbo yeye kwanza, mara mbili tatu, ndipo aniachie kiti. Masikio yangu hayasahau. Basi nikawa napiga alichopiga, macho kwenye karatasi, nageuza ukurasa pale pale alipougeuza yeye.

Siku moja kidole chake kiliangukia mahali sipo. Na mimi zamu yangu ilipofika nikakosea palepale, vilevile. Akanitazama. "Mbona na wewe umekosea hapo? Karatasi haisemi hivyo." Nikajibu, "Niliona si adabu kukusahihisha, memsahib." Akacheka mpaka akashika tumbo. Wiki iliyofuata akawaandikia wenye chuo cha muziki huko Uingereza, akanisifu eti mimi ni hodari tena nina heshima.

Jibu limekuja. Nimeitwa Nairobi mwisho wa mwezi ujao nijaribiwe, na nikifaulu nitasoma muziki kule Uingereza mwaka mzima. Nitapiga nyimbo mbili ambazo nimezitayarisha. Hizo hazinitishi hata kidogo. Kisha, barua inasema, nitapewa karatasi ambayo sijapata kuiona maishani, niipige papo hapo.

Nilidhani nitabahatisha, mpaka Jumamosi iliyopita. Mnajua siku hizi za Hali ya Hatari mtu wa kabila langu hatoki Thika kwenda Ruiru bila pasi. Pasi ninayo. Lakini pale kwenye kizuizi cha barabarani askari mwenye bunduki alifungua mfuko wangu akatoa karatasi ya wimbo mpya, ambayo memsahib alikuwa amenipa niitazame nyumbani. Akaigeuza huku na huku.

"Haya ni maandishi gani? Mnaandikiana na watu wa msituni?"

"Hapana, afande. Ni muziki."

"Muziki? Basi soma."

Watu wote kwenye foleni wakageuka kututazama. Wimbo ule nilikuwa sijausikia ukipigwa bado. Nikafungua mdomo nikaimba, nabuni tu, macho nayapeleka kwenye karatasi kama mtu anayesoma. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia. "Kumbe unajua. Haya, pita." Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniambia, "Mwanangu, leo elimu imekuokoa." Nilipofika mbele kidogo nilishuka baiskeli nikatapika. Elimu gani?

Kwa memsahib mambo yakazidi. Aliniambia, huku anajivuna, kwamba mume wake alisema mezani mbele ya wageni, "Hawa watu wanajua kuimba tu, kusoma hawawezi." Naye akamjibu, "Huyu wangu anasoma kuliko mimi." Sasa amekwenda Mombasa kwa wiki tatu. Akirudi, amesema, hatanipigia kwanza tena. Ataniwekea karatasi mpya moja baada ya nyingine, tujizoeze kwa ajili ya Nairobi.

Nilimwendea Mwalimu wa kwaya nikamtolea yote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Hata mimi sizijui, kijana. Anayezijua ni memsahib huyo huyo. Mwambie ukweli akufundishe. Kwa masikio hayo yako, siku chache zinakutosha." Ni rahisi kwake kusema! Nikimwambia, bwana wake ameshinda, na labda ile barua ya kunisifu ataifuta kwa hasira. Nikinyamaza nikaumbuka Nairobi, bwana ameshinda vilevile, na kijana mwingine wa kwetu akileta jina lake kesho, wenye chuo wataambiana, tulishawajaribu hawa.

Nina hasira na huyo bwana, lakini zaidi nina hasira na mimi mwenyewe. Miaka miwili nilikaa karibu na mtu anayejua, na kila Jumamosi nilimzuia asinifundishe.

Jana nilikaa na karatasi na kitabu cha nota cha kuazima saa nzima, natafuta nota moja moja kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikapata mstari mmoja tu. Lakini ule niliusoma mwenyewe, hakuna aliyenipigia kwanza, na nikajikuta nalia. Ndugu wasomaji, mwaka ule wa masomo nautaka kuliko kitu chochote. Hasa nyinyi mliowahi kumdanganya mtu aliyewaamini, niambieni kabla hajarudi: nikamwambie ukweli mlangoni, kabla hajaifungua piano, au nifunge mdomo nipambane na viluwiluwi hivi peke yangu? Nitukaneni mkitaka, lakini nijibuni.