Nimekata mlango wa nyumba ya Mama kwenye CAD, utando ukagoma kutoka

Wakuu, habari za humu. Hii ni ya nyumbani kwangu kabisa, anayetafuta chai apite uzi wa jirani.

Kazi yangu ni kuchora milango na madirisha ya aluminium kwenye kompyuta kwa programu ya CAD, ofisi ndogo tu pale Chuno, Mtwara. Naishi Likombe na Mama yangu.

Mama ana presha ya macho. Daktari ametuambia wazi kwamba kuona kulikopotea hakurudi, tulinde kilichobaki.

Basi akaniomba kitu kimoja: nimchoree nyumba yake ya zamani, aione kabla macho hayajafunga.

Nyumba yenyewe haipo. Ilikuwa huko ndani ndani, mbele ya Mpapura, katikati ya mikorosho yao. Enzi za Ujamaa wakaamriwa kuhamia kijiji cha pamoja kando ya barabara. Mimi nilikuwa mgongoni, sikumbuki lolote. Nyumba zilizoachwa zikabomolewa ili mtu asirudi. Picha hatuna hata moja.

(Kabla hamjanishambulia: najua zilikuja shule na zahanati. Nimesoma shule hizo hizo. Lakini mtu akiniambia kwamba kila mtu alihama kwa hiari yake, tena huku anacheka, napandwa na hasira mpaka leo.)

Tukaanza. Mama anasimulia, mimi nachora.

Ukuta wa miti na udongo nikauchora kama body moja, yaani kitu kimoja kizima. Akaniambia juu yake alikandika udongo mweupe kwa mikono yake mwenyewe, akaulainisha kwa maji. Huo nikauchora kama body ya pili, tabaka jembamba juu ya ukuta, ili niupe rangi yake.

Kisha nikakata mlango wa mbele.

Ukuta ukatoboka vizuri. Lakini kwenye uwazi ukabaki utando mweupe, mwembamba kama karatasi, umeziba mlango wote.

Nikaongeza kina cha cut, yaani ule mkato. Upo.

Nikafuta, nikachora upya. Upo.

Nikazima software, nikawasha. Upo palepale, unaniangalia. Nikatukana kwa sauti.

Mama akanisikia akiwa uani. Akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Machozi yakaanza kumtoka.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, Mama?"

"Kwamba niliukandika mlango."

Wakuu, sikujua. Hajawahi kutusimulia.

Zamani, kila walipoteremka bonde la Ruvuma kulima mpunga, waliukandika mlango kwa nje mbuzi wasiingie. Wakirudi baada ya mavuno, wanaupasua udongo na kuingia. Siku ya kuhamishwa, wenzake wanafunga mizigo, yeye anakanda udongo. Kwa akili yake ulikuwa msimu kama misimu mingine. Kitanda na mtungi aliviacha ndani.

Nikarudi kwenye tatizo langu, maana hilo ndilo nililoliweza.

Ndipo nikaona. Cut yangu ilikuwa imechaguliwa body moja tu, ule ukuta. Tabaka la juu halikuguswa kabisa. Nikaweka tiki kwenye body zote mbili, nikarudia. Utando ukaondoka, ukumbi ukaonekana moja kwa moja mpaka uani.

Nikamgeukia Mama nikidhani nimempa zawadi.

Aliangalia kidogo, akageuza uso.

"Huo siujui, mwanangu. Wangu haukufunguliwa. Tuliporudi kuokota korosho niliukuta vilevile nilivyouacha. Waliotumwa kubomoa walipanda juu wakang'oa paa. Nikasimama mbele ya mlango wangu mzima, nasikia mvua inanyesha ndani."

Nikabonyeza undo. Utando ukarudi.

Mama akaweka kiganja kwenye kioo, akawa anakipitisha taratibu kama anayelainisha udongo. Halafu akaniuliza kama humo kwenye kompyuta mtu anaweza kuling'oa paa.

Nikamwambia hawezi.

Nimemdanganya, wakuu. Linatoka kwa kubonyeza tu.

Sasa somo. Wachoraji wenzangu, kipande kikibaki baada ya cut, msihangaike na kina kwanza. Angalieni cut yenu inagusa body zipi. Na kama unachora kitu cha mtu, muulize kabla hujakirekebisha, maana unachokiona wewe kuwa kosa huenda ndicho alichokiacha yeye.

File nimelihifadhi na mlango uliozibwa.

Mliohamishwa miaka ile, karibuni mseme. Na nyie mliotumwa kubomoa, najua baadhi yenu mpo hai na wajukuu wenu wamo humu, karibuni pia. Nataka mmoja tu aniambie: ulipoukuta mlango umekandikwa vizuri namna ile, ulifikiri mwenyewe ameondoka kwa hiari?