Mtihani wa Bukari

Nimehama mara nyingi tangu niache kazi ile. Nimekaa Kolwezi, Kasumbalesa, sasa Pweto. Lakini nikiwa mahali pageni na harufu ya unga ikaanza kupanda juu ya moto wa makaa, mawazo hunirudisha Lubumbashi, kwenye ua wa nyuma wa ofisi yetu, pale mjini kati ya benki na duka la vipuri.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta watu wa kazi kwa ajili ya machimbo: madereva, walinzi, mafundi wa kuchomelea vyuma, wapishi. Nilikuwa na diploma ya sekondari tu. Mkubwa wangu alinichukua kwa sababu sikuchoka kuzunguka. Nilipofika asubuhi, watu walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani, kila mmoja na farde yake kifuani, jalada la karatasi ngumu lenye picha, vyeti na barua. Nilizipenda zile farde. Nyingine zilinukia sabuni, nyingine samaki.

Wapishi hatukuwapima kwa farde. Walipika. Kila mpishi alipewa mbabula moja, jiko la makaa, sufuria, unga, mboga, na watu watatu wa kuwalisha, wafanyakazi wa machimbo waliokuwa mapumzikoni mjini. Wakimaliza sahani zao walitia sahihi kwenye fomu. Mmoja tu akikataa, mpishi alirudi kwake bila kazi. Sheria hiyo aliiweka msimamizi wa kambi ya machimbo, kwa kuwa wafanyakazi waliwahi kususa kazi siku nzima kwa sababu ya chakula.

Siku moja akaja mama mmoja wa Kasai. Kwa miaka mingi alikuwa akitembeza ndizi na karanga kichwani, kuanzia gare, kwenye stesheni ya treni, mpaka mitaa ya mbali. Aliniambia bila kulalamika kwamba magoti yamekataa, na daktari amemkataza kutembea na mzigo. Kambini angepika akiwa mahali pamoja, na chumba cha kulala kipo. Nafasi ilikuwa moja, na gari lingeondoka kesho yake asubuhi.

Kabla ya kuweka sufuria motoni akataka kujua watakaokula ni watu wa wapi. Akaniuliza, "Papa, nipike ya bantu ya wapi?"

Nilikuwa najaza karatasi nyingine. Nikasema, "Pika tu kama kwako, Mama."

Akapika kama kwake. Alitoa unga wa muhogo katika mfuko wake, akauchanganya na wa mahindi, nusu kwa nusu. Bukari, yaani ugali, ilipoiva, mimi ndiye niliyeonja kwanza, kama ilivyokuwa desturi.

Mama yangu alitoka Kasai, baba yangu Mitwaba. Nyumbani tulikula bukari ya baba, ya mahindi matupu, nyeupe na ngumu. Siku baba akiwa safarini, mama alipika ya kwao, na sisi watoto tulivuta matonge mpaka yakarefuka, tukashindana nani lake halikatiki. Nilisimama uani na tonge mdomoni, nikasahau kwamba niko kazini.

Wale walaji watatu, fundi, dereva na mlinzi, hawakusahau. Fundi wa kuchomelea, kijana wa Mitwaba, aliminya bukari kwa kidole gumba.

"Mama, hii njo bukari ao iko gundi ya kubandika ba-afishi ku ukuta?"

"Iko bukari, mwana yangu. Ile munazoea inakauka, njo maana kila tonge munaisukuma na mayi ya kunywa."

Dereva aliyekaa karibu naye akacheka. "Miye nakula. Inateremuka yenyewe."

"Weye unakulaka hata mupira ya gurudumu ya kamio unaendeshaka." Fundi akasukuma sahani. "Mi sisinye hii fomu. Kule kambini tunatumika kazi tangu saa kumi na mbili. Hii itatuachia njaa."

Dereva na mlinzi walimaliza, wakatia sahihi. Fundi alikunja mikono. Yule mama aliweka kiganja ukutani, akajishusha polepole mpaka kwenye kibao, mguu mmoja ukiwa umenyooka. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Aliniuliza swali la mtu anayejua kazi yake, nami nikamjibu bila kuinua macho.

Niliwaambia kosa ni langu. Nikampigia simu msimamizi wa kambi. Akajibu kwamba kupika mara ya pili hakukatazwi, ila anataka sahihi tatu, si mbili.

"Unga yenu iko wapi?" mama akauliza. "Moto iko bado."

Akapika tena, mahindi matupu, akisonga kwa mikono miwili mpaka jasho likamshuka shingoni. Bahati yetu ni kwamba aliyebaki kutia sahihi ndiye pekee aliyekuwa na njaa. Fundi alikula kwa lengalenga, yaani mchicha, na samaki mkavu. Katikati ya sahani akasita.

"Chumvi?" mama akauliza.

"Hapana. Niko nawaza. Juu ya nini haukupika hii mwanzo?"

"Uliza papa chef."

Akaninyooshea mwiko, na wote wakanicheka. Fundi akamaliza, akapangusa mkono, akatia sahihi kwa herufi kubwa. "Lakini siku ya Mungu, tukitoka ku kanisa, usituletee ile gundi."

"Siku ya Mungu njo nitakupikia ile ile. Utazoea."

Kisha akanigeukia. "Papa, muntu akikuuliza kintu, umuangaliye kwanza."

Nilifanya kazi ile mwaka mmoja zaidi, na nadhani ndio mwaka niliowatazama watu nyusoni.

Asubuhi iliyofuata mtihani ule, gari la kambi lilisimama mbele ya ofisi. Mama alichukua muda kuinua mguu mpaka kwenye kidato, na dereva wa gari hakumharakisha. Alipokwisha kuketi aliweka mikono yote miwili juu ya magoti, akayasugua taratibu, akatazama mbele. Gari likaondoka. Nilibaki barabarani mpaka mkubwa wangu aliponiita.