Kofia Ndani ya Bomba la Moshi

Fundi Bomba, Mungu amrehemu, alikuwa na desturi ambayo mafundi wenzake waliicheka miaka yote. Alipochomelea bomba la moshi la lori, aliliziba kwa kofia yake mwenyewe, aliyoishona kwa turubai kuukuu, ili cheche zisiingie ndani.

"Kitambaa nitakisahau," alisema. "Lakini jua likinichoma kipara, najua kazi haijaisha."

Kipara hicho kilimlinda miaka ishirini na miwili.

Siku moja alikuwa akifunga bomba jipya kwenye lori la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Binti yake akapita karakana na kofia mpya, akamvika kwa mikono yake.

"Baba, ile nyingine inanuka dizeli hata ukiwa kwenye ibada."

Fundi akacheka, akakaza boliti za mwisho. Shemeji akawasha, akaondoka na tani kumi za saruji.

Alasiri, nyumbani, Fundi aliitundika kofia mpya msumarini. Mkono ukabaki pale pale. Ile ya zamani iko wapi?

Akampigia shemeji simu. Haikupatikana. Akapiga tena, bure. Kwenye barabara tambarare injini ingejikongoja tu. Lakini mlimani dereva angekanyaga mafuta, na moshi ungekosa pa kutokea. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Ingeishiwa nguvu, izime, na lori lililoshiba saruji lirudi kinyumenyume.

"Unakwenda wapi na spana?" mkewe akauliza.

"Kwa mdogo wako." Akatoka mbio.

Aliazima pikipiki ya jirani. Kila kona ya mlima alitazama kwanza bondeni, ndipo atazame barabara. "Ee Mungu," alirudia, "chukua mikono yangu, lakini yeye muache."

Kona ya tano akaliona lori kando ya njia, mawe makubwa yamewekwa nyuma ya magurudumu.

"Shemeji!" sauti ikamlaki. "Umenitengenezea lori au konokono? Gia ya kwanza, nimekanyaga mpaka mwisho, linakohoa moshi mweusi tu! Nikasema lisije likanizimikia, nikalitegea mawe."

 Fundi aliingia chini ya lori na glavu zake, akalifungua bomba. Kwenye mdomo wa sailensa, kofia ilikuwa imejibana, imeungua ukingo. Shemeji alikuwa upande wa pili akitafuta maji. Ingetosha kuitia mfukoni na kusema ni masizi.

Akatambaa nje, akamnyooshea.

"Ni mimi. Nusura nikuue."

Shemeji aliitazama kofia, akakitazama kipara. "Kumbe nilikuwa na abiria! Na nauli hajalipa." Akaanza kucheka, mara akaketi chini na kicheko kikakatika. Alikuwa ametazama bondeni.

"Tusali kwanza, shemeji," akasema kwa sauti ndogo.

Walisali pale pale, magoti kwenye changarawe. Bomba likafungwa, mawe yakaondolewa, lori likapanda likinguruma sawasawa. Fundi alilifuata kwa pikipiki mpaka kileleni, ingawa hakuna aliyemwomba.

Tulipomzika mwezi uliopita, kofia mpya ilikuwa bado msumarini, safi kama siku ilipoletwa. Iliyoungua ndiyo aliyoendelea kufanyia kazi.